Dada wa kazi nae ana somo wake, anaitwa Mtakatifu Zita

Ndugu Mhariri,

Tumsifu Yesu Kristo, na kwa wasomaji wasio Wakristo habari za leo. Naomba nafasi kwenye gazeti lenu, najua barua yangu ni ndefu ila jambo hili nimekaa nalo moyoni tangu Jumamosi ya juzi na nikiendelea kukaa nalo litaniumiza.

Iko hivi. Jumuiya yetu ya Kikatoliki huku Kimara imekuwa kubwa, nyumba zimeongezeka, tukisali Jumamosi asubuhi watu wanajaa mpaka nje ya geti, kwa hiyo paroko akasema igawanywe mara mbili. Sasa jumuiya mpya lazima iwe na somo wake, yaani mtakatifu msimamizi inayeitwa kwa jina lake, tukaanza kutaja majina, yakatajwa yale ambayo kila mtu anayajua, Mt. Rita wa Kashia, Mt. Yuda Tadei, Mt. Anthony wa Padua, Mt. Bakhita. Mi nikanyoosha mkono nikasema Mtakatifu Zita. Kimya. Mama mmoja akauliza huyo ndo nani, nikaeleza kwa kifupi kwamba ni mtakatifu ambae maisha yake yote alikuwa mfanyakazi wa ndani na Kanisa limemweka kuwa msimamizi wa wafanyakazi wa majumbani, na hapo hapo mtu mmoja, mtu mzima mwenye heshima zake, akasema "kwa hiyo tuitwe jumuiya ya mahausigeli?" Watu wakacheka. Tukapiga kura likapita jina jingine, na sina ugomvi nalo, mtakatifu ni mtakatifu. Kilichonichoma ni kile kicheko.

Maana pale wakati watu wanacheka kulikuwa na mabinti wawili wamesimama mlango wa jikoni, ndo waliokuwa wanatuandalia chai. Niliwaangalia. Mmoja akainamisha uso kwenye sinia la vikombe akawa kama anavihesabu, na mwenye nyumba hata hakugeuka.

Mi mwenyewe Mhariri nilikuwa hausigeli, naandika bila kuficha. Nimetokea Iringa upande wa Tosamaganga, mwaka 1996 nina miaka 13, baba ameshafariki, akaja mama mmoja kijijini amependeza akamwambia mama yangu kuna familia nzuri Dar wanatafuta binti wa kukaa na mtoto na watamsomesha cherehani. Mama akanifungia nguo zangu kwenye mfuko wa rambo, akanivalisha rozari yake shingoni, nikapanda basi. Cherehani sikuonyeshwa hata siku moja. Mshahara ulikuwa shilingi 5,000 kwa mwezi na alikuwa anapewa yule aliyenileta. Na jina langu la ubatizo hakuna aliyeliuliza, niliitwa dada, watoto dada, baba mwenye nyumba dada, wageni nao we dada hebu lete maji, mpaka siku nyingine mtu akiita jina langu kanisani nilikuwa sigeuki.

Kwa hiyo ninapomtaja Zita sijamwokota mahali. Nilimfahamu 2009, kulikuwa na semina ya akina mama parokiani, sista mmoja mzee alikuwa anagawa zile picha ndogo za watakatifu za kuweka kwenye kitabu cha Misa, akanipa ya msichana aliyevaa aproni ana mikate kwenye aproni na funguo kiunoni. Nikamuuliza huyu nani. Akakaa na mimi karibu lisaa lizima ananisimulia, na tangu siku hiyo nimesoma na kuuliza kila ninapopata nafasi.

Zita alizaliwa mnamo 1212 kwenye kijiji kinaitwa Monsagrati, karibu na mji wa Lucca, jimbo la Toscana huko Italia. Kwao walikuwa masikini lakini watu wa sala, dada yake alikuwa mtawa. Alipofika miaka 12 akapelekwa mjini Lucca kufanya kazi kwenye nyumba ya familia ya Fatinelli, matajiri waliokuwa wanafanya biashara ya vitambaa vya sufu na hariri. Yaani binti wa kijijini, masikini, miaka 12, anapelekwa mjini kwa watu wenye hela akafanye kazi za ndani. Imepita miaka 800 na ukienda leo jioni pale stendi ya Magufuli Mbezi ukasimama mabasi ya mikoani yanavyoingia utamwona Zita anashuka na mfuko wake, kuna mtu kamshika mkono anamvusha barabara na yeye anageuza shingo kuangalia magari.

Akakaa kwenye nyumba ile ile miaka 48 mpaka alipofariki tarehe 27 Aprili 1272. Alikuwa na miaka 60. Hakuolewa, hakuingia utawa, hakuandika kitabu. Alifagia, alipika, alifua, alilea watoto wa watu. Hata jina lake, sista aliniambia kwa Kitoscana cha zamani neno zita lilikuwa na maana ya msichana. Nilivyosikia hivyo nikakumbuka "we dada".

Mwanzoni walimtesa. Wafanyakazi wenzake hawakumpenda kwa sababu alikuwa anaamka usiku kusali na alfajiri anawahi Misa kanisa la San Frediano pale jirani kabla nyumba haijaamka, alafu akirudi anafanya kazi bila kutegea, wakaona anajipendekeza, wakapeleka maneno kwa mabosi na mabosi nao wakayapokea, ikawa matusi na kipigo. Hali hiyo ilienda miaka. Alikuwa anatoa chakula chake mwenyewe anawapa masikini, kitanda chake anampisha mtu asiye na pa kulala yeye analala chini.

Watu wa Lucca wana simulizi nyingi juu yake, nyingine mtaziona ni za miujiza, mi naziamini, asiyetaka asiamini ila azisikie. Kuna ya mkate, kwamba alikuwa anatoka na mkate kwenye aproni kuwapelekea wenye njaa, bosi akamsimamisha akamwambia fungua nione, akafungua yakaonekana maua. Kuna ya maharage, ilikuwa njaa kali mjini akawa anawagawia masikini maharage ya bosi, siku bosi anakwenda kuyapima ayauze Zita anatetemeka nyuma yake, wakafungua ghala wakakuta hayajapungua.

Ila ninayoipenda mi ni ya koti. Ilikuwa mkesha wa Noeli, baridi ya kule sio ya kwetu, Zita anakwenda kanisani amevaa nguo nyepesi, bosi wake akamwonea huruma akamwazima koti lake la manyoya la bei akamwambia angalia usilipoteze. Mlangoni kwa kanisa akamkuta masikini anatetemeka, akamfunika nalo akamwambia kaa nalo mpaka Misa iishe. Misa ikaisha, katoka nje, mtu hayupo na koti halipo. Sasa we ambae umewahi kufanya kazi kwenye nyumba ya mtu, fikiria ile njia ya kurudi nyumbani. Mi naijua. Miguu haiendi, unatunga maneno kichwani, utasema nini, na ukisema kweli nani ataamini. Alirudi akasemwa sana. Kesho yake siku yenyewe ya Noeli, wakati wa chakula, mgeni asiyejulikana akapanda ngazi akalirudisha koti mkononi mwa Zita akaondoka, na watu wakasema yule alikuwa malaika, ule mlango wa San Frediano ukaitwa Mlango wa Malaika.

Taratibu wale Fatinelli wakabadilika. Waliokuwa wanampiga wakaanza kumsikiliza, mwisho wakamkabidhi nyumba nzima, matumizi, wafanyakazi wengine, watoto, funguo zote. Ndo maana kwenye picha ana funguo. Na ndo maana mpaka leo Wakatoliki sehemu nyingi wakipoteza funguo wanamwomba yeye, Uingereza ya zamani walimwita Sitha na akina mama na watumishi wao walikuwa wakitafuta funguo wanaita jina lake.

Sista alipofika hapo kwenye funguo nililia, mpaka akadhani kanikosea.

Ni hivi. 1997 nilikuwa nyumba ya pili, nina miaka 14, yule mama alikuwa na stoo ya vyakula anaifunga kwa kufuli, asubuhi ananipa ufunguo napima unga na mchele na mafuta mbele yake, nafunga, namrudishia mkononi. Siku moja ufunguo haukuonekana. Akaniuliza umeuweka wapi, nikasema mama nilikupa, akasema unanifanya mi mwongo, akanipiga kwa mkanda na mwiko, nikatafuta chini ya vitanda, kwenye mchanga wa maua, kwenye pipa la takataka, jioni akanitoa nje akasema utalala huko mpaka ukumbuke. Nikalala barazani, mbu wa Dar mnawajua, nikawa nasali rozari ya mama yangu nikimaliza naanza tena. Asubuhi baba mwenye nyumba akaingiza mkono kwenye mkoba wa mke wake kutafuta hela ya mkate, ufunguo ukadondoka sakafuni. Aliniangalia, akauokota akauweka mezani. Mama akauchukua, akafungua stoo, akaniita dada njoo upime unga wa uji. Ikaisha hivyo. Hakuna pole hakuna samahani, na mi nikapima unga wa uji.

Leo ni miaka mingi na sina kinyongo na mtu, nimeungama na nimesamehe, ila naomba nielezwe kitu kimoja. Hivi kwa nini tunampa dada mtoto mchanga wa miezi mitatu, tunaondoka saa 11 alfajiri kuwahi foleni, tunarudi saa 3 usiku, siku nzima uhai wa mtoto wetu uko mikononi mwake, alafu friji tunaifunga kwa ufunguo? Mtoto tunamkabidhi, sukari hatumkabidhi. Nimeingia nyumba za Wakatoliki wenzangu hapa hapa Kimara, sebuleni Moyo Mtakatifu wa Yesu ukutani na taa yake nyekundu, jikoni kufuli kwenye kabati la vyakula. Kwenye magrupu ya wasap nako unakuta "natafuta dada wa kazi, asiwe na simu, asiwe mtu wa kutoka toka", na anayeandika ni mtu tunaekomunika nae mstari mmoja.

Sasa kuna jambo ambalo nalipinga kabisa na nimelisikia kwa masikio yangu, pale mtu anapochukua maisha ya watu kama Zita anawafundishia mabinti uvumilivu. Vumilia, Zita alipigwa akavumilia akawa mtakatifu, nawe vumilia. Hapana jamani. Hiyo ni nusu ya habari. Kwenye habari yake aliyetakiwa kubadilika na akabadilika ni bosi, Zita hakupigwa miaka yote 48, ilifika siku wale watu waliona aibu mbele ya Mungu wakaacha. Na wanaosimulia maisha yake wanasema kuna mtumishi mwenzake mwanaume alimwendea kwa nia mbaya, Zita akamparua uso. Akamparua! Mtakatifu. Hilo mbona hatuwaambii mabinti, wakati tunajua wazi mambo yanayowapata usiku kwenye nyumba za watu, na wakija kusema wanaonekana ndo waliomtega baba. Mi kila binti ninayepata nafasi ya kuongea nae namsimulia hilo la kuparua kwanza kabla ya maua na maharage.

Na sio kwamba hawana sheria ya kuwalinda. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema mtoto chini ya miaka 14 asiajiriwe kabisa, na mfanyakazi apate mapumziko kila wiki, masaa 24 mfululizo, na likizo ya siku 28 kwa mwaka. Amri ya mishahara ya 2013 ilitaja 40,000 kwa mwezi kwa anayelala kwa mwajiri, iliyoanza Januari 2023 ikapandisha ikawa 60,000. Nendeni mtaani mkaulize ni wangapi wanaipata hata hiyo, na ipo mikononi mwao au iko kwa dalali aliyewaleta. Wapo CHODAWU, chama cha wafanyakazi kinachotetea wafanyakazi wa majumbani, lakini binti asiye na simu na asiyeruhusiwa kuvuka geti atajiunga vipi.

Nirudi kwa Zita, maana wengine watasema hizi siasa. Alipofariki watu wa Lucca walijaa, wakaanza kumheshimu kama mtakatifu kabla Roma haijasema neno. Mwaka 1580 kaburi lake lilifunguliwa mwili ukakutwa haujaoza, na mpaka leo upo San Frediano kwenye sanduku la kioo, kila mwisho wa Aprili mji unajaa maua, watu wanapita kumwangalia na maua yanabarikiwa. Papa Innocent XII akathibitisha heshima yake 1696, miaka 424 baada ya kifo chake, na Papa Pius XII ndo alimtangaza kuwa msimamizi wa wafanyakazi wa majumbani. Kwenye kalenda kubwa ya Misa za kila siku hayumo, ndo maana padri anaweza kupita tarehe 27 Aprili bila kumtaja na sio kosa lake, lakini kwenye Martirolojia, kile kitabu cha Kanisa chenye orodha ya watakatifu kwa tarehe zao, yumo tarehe hiyo hiyo. Na familia ya Fatinelli, matajiri wale wa hariri, leo tunawataja kwa sababu ya binti wao wa kazi.

Mt. Bakhita tunampenda wote na anastahili, jumuiya ngapi na kwaya ngapi hapa Dar zina jina lake, na tukumbuke nae alikuwa yaya, alimlea mtoto wa familia ya Kiitaliano mpaka mahakama ya Venice ilipotamka tarehe 29 Novemba 1889 kwamba yuko huru. Lakini Bakhita tukimsimulia tunaishia kwenye utumwa, tunasema Waarabu, tunasema zamani, tunashusha pumzi. Zita hatupi nafasi hiyo, hakuna aliyemteka na hakuna minyororo, alipelekwa na wazazi wake kwenye nyumba ya watu wanaosali. Ni sisi kabisa.

Angalieni pia tarehe yake ilivyokaa. 26 Aprili ni Muungano, nchi nzima imepumzika, sisi tuko nyumbani tumejaza wageni, dada anapika pilau ya watu 15 na kuosha masufuria mpaka saa 5 usiku. Kesho yake 27 ni sikukuu ya somo wake na hajui. Zinapita siku chache inakuja Mei Mosi, siku ya wafanyakazi, na kwetu Wakatoliki ni Mt. Yosefu Mfanyakazi, walimu wanaandamana, manesi wanaandamana, madereva wanaandamana na tisheti mpya na kofia, na tisheti hizo kuna mtu kazipiga pasi alfajiri na yeye kabaki nyumbani.

Hapa nataka nimkumbuke mtu mmoja, jina lake nalihifadhi. Nyumba ya mwisho niliyofanya kazi ilikuwa Magomeni, kwa bibi mmoja wa Kiislamu, mjane, watu wa pwani wenyewe. Nilifika kwake 2000 nina miaka 17, nimeshachoka, siongei. Siku ya kwanza akaniuliza jina lako nani, nikasema niiteni tu dada, akasema mi sikukuuliza kazi yako nimekuuliza jina lako. Jumapili ya kwanza saa 11 na nusu alfajiri, yeye ameshamaliza kusali, akanigongea mlango, "we mtoto amka, kanisa litakupita". Nilikuwa sijaenda Misa karibu miaka miwili Mhariri. Kwenye nyumba za Wakristo wenzangu Jumapili ndo ilikuwa siku yenye kazi kubwa kuliko zote, kunyoosha nguo zao za kanisani, kuwavalisha watoto wao soksi nyeupe, kuwafungulia geti waende Misani, alafu nibaki nianze kuchambua mchele wa mchana. Bibi wa Kiislamu ndo aliyenirudisha kanisani. Alinipa nauli ya kwenda na kurudi na shilingi 200 ya sadaka, akaniambia usiende mikono mitupu kwenye nyumba ya Mungu.

Na baada ya kama miezi minne hivi alikuwa anasafiri kwenda Tanga harusini, akaniita chumbani kwake, akanipa funguo za nyumba yote, ya geti, ya stoo, ya kabati la nguo zake, ya chumba chake mwenyewe, amezifunga kwa upande wa khanga iliyochanika. Akasema nyumba nakuachia wewe. Sikulala vizuri siku zote tano, sio kwa woga, ni ile kuzishika shika kuhakikisha zipo. Yeye ndo alinipa mtaji wa kuanza vitumbua 2004, leo nina kibanda cha chakula na nimesomesha wanangu wawili. Alivyofariki nilikaa msibani siku tatu nikiwa jikoni na wanae na hakuna aliyeniita dada wa kazi.

Kwa hiyo sista aliponiambia Zita mwishoni alikabidhiwa funguo nilijua moja kwa moja anachosema, nilishakabidhiwa. Nina uhakika yule bibi hakuwahi kulisikia jina la Mt. Zita maishani mwake, lakini alifanya kile ambacho akina Fatinelli ilibidi wafundishwe kwa miaka mingi.

Basi ninachoomba kupitia gazeti lenu, na naomba maparoko wa Jimbo Kuu letu wakikisoma wasikione kidogo. Jumapili ya karibu na 27 Aprili kila mwaka Zita atajwe, kwenye mahubiri au hata kwenye matangazo tu, maisha yake yasimuliwe kwa dakika tano, na waajiri waombwe kwa sauti siku hiyo wamwachie dada aende Misa, sio ile ya jioni amebebeshwa mtoto na pempasi mgongoni, aende peke yake kama mtu mzima, akae benchi analotaka. Na kwenye jumuiya zetu, dada akae chini asali na sisi, chai itapikwa baadae au tutaipika wote. Aandikwe kwenye daftari la jumuiya kwa jina lake, apewe kadi yake ya zaka kama anataka. Kila Mkatoliki wa Dar anajua ukiumwa au ukifiwa kitu cha kwanza unaulizwa unasali jumuiya gani, sasa hawa mabinti wanaishi kwenye jumuiya zetu miaka minne mitano na daftarini hawapo, wakipata shida watajibu nini? Wapo ambao hawajapata kipaimara wana miaka 19 kwa sababu mafundisho ni Jumamosi mchana na Jumamosi mchana ni kufua.

WAWATA, yaani Wanawake Wakatoliki Tanzania, mnaweza kulibeba hili, akina mama ndo sisi waajiri wenyewe, ufunguo wa stoo uko kwetu. Tusisubiri serikali wala maaskofu kwenye jambo la kufungua kabati la jikoni.

Mi mwaka huu tarehe 27 nitafunga kibanda asubuhi, binti anaenisaidia kupika nae nimemwambia, tutaenda wote Misa ya saa 12 na nimeshaweka nia kwa ajili ya wafanyakazi wa ndani wote wa Dar es Salaam, wazima na marehemu, wa dini zote. Pamoja na yule bibi.

Na siku ile ya mkutano wa jumuiya, watu walipokuwa wanatawanyika nilizunguka jikoni kuwashukuru wale mabinti kwa chai. Yule aliyekuwa anahesabu vikombe alikuwa anaosha, hakunitazama, akauliza kwa sauti ndogo, "mama, yule mtakatifu ulisema anaitwa nani?" Sikuwa na karatasi. Nikamwambia kausha mkono, nikamwandikia kwenye kiganja kwa peni, ZITA, na chini yake 27 APRILI, akafunga kiganja akaendelea kuosha kwa mkono mmoja.

Wako msomaji,
Mama wa Kimara,
Dar es Salaam